Sahani ya Bluu

Ganda la pai lilipopoa, Raya alilijaza kastadi, akapanga matunda ya forosadi juu yake moja moja, hadi kastadi ikafunikwa yote. Akaiweka pai kwenye sahani ya bluu ya jirani yake, Bi Thuwaiba. Raya alikuwa amekaa na sahani hiyo mwaka mzima tangu wagombane, na sahani ya jirani hairudishwi tupu.

"Hodi!" aliita mlangoni, kichwa juu.

Bi Thuwaiba alifungua, akaitazama sahani, akasogeza forosadi moja, akachovya kidole kwenye kastadi na kulamba.

"Mkono wako ni uleule."

Aliingia ndani, akarudi na bakuli la Raya.

"Na hili lako. Lakini tupu sikupi, mwanangu. Kaa."

Jikoni, kiberiti kikawashwa.