Ridhaa ya Jirani

"Hata kutuuliza hamkutuuliza!" nilimfokea ofisa wa vibali vya ujenzi. "Jirani anapandisha ghorofa, madirisha yetu yote yanazibwa!"

Ofisa alinifungulia faili. "Dada, mama yenu aliridhia, akatia dole. Hili hapa."

Niliinama. Katikati ya alama ya wino lilipita kovu la mbuzi ya kukunia nazi. Lilikuwa dole la mama kweli, na tarehe ilikuwa ya siku aliyofariki.

Siku ile alikuwa hajitambui tangu asubuhi. Aliyekaa naye ni kaka yangu Tamim, peke yake.

"Sasa, utaandika malalamiko?" ofisa aliniuliza.

Nilikuwa naiangalia mikono yangu, iliyomwosha mama, ikasugua na kusugua doa la buluu kwenye dole lile, mimi nikidhani ni dawa.