Kona za Londiani

Mwaka wa kumi na mbili tangu usukani upigwe marufuku, Sigilai alibanwa na kifua akinywa chai ya asubuhi. Mkewe, Jerotich, alimwingiza garini, na gari likaondoka lenyewe kuelekea hospitali ya bondeni, kwa kilomita arobaini kwa saa, kama sheria ilivyotaka.

Zamani, siku za mashindano ya magari, mji mzima wa Londiani ulijipanga kando ya barabara hiyo ya bondeni. Sigilai aliendesha, Jerotich kando yake akimsomea daftarini kona zilizo mbele, na waliwahi kufika bondeni kwa dakika kumi na tatu.

"Ongeza mwendo, mume wangu anakufa," Jerotich aliliambia gari.

"Pole, mama. Huu ndio mwendo salama."

Mikono ya Jerotich ilitafuta usukani, isiupate.

"Nisomee," Sigilai alinong'ona.

Jerotich akamshika mkono, akamsomea kona kwa kumbukumbu. "Kushoto, kali. Mita mia mbili, nyoosha. Kulia, usikate kwa ndani." Mkono wa Sigilai ulipolegea aliendelea kusoma, maana hakujua afanye nini kingine.

Baada ya dakika arobaini milango ilifunguka.

"Abiria wawili," gari likasema, "mmefika salama."