Maswali ya Alhamisi

"Leo ni siku gani, kuka?"

"Jumapili," alijibu mzee Were. "Kanisa limetoka sasa hivi."

Nanjala, aliyemwita kuka kama babu yake mzazi, aliishusha kalamu mapajani. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi jioni. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni, ndevu amezinyoa, koti la kahawia amelifunga vifungo vyote. Jikoni, Ayuma, mjane wa ndugu yake, alikuwa amewasha moto, na harufu ya kuku ilifika mpaka nje.

Nanjala alikuwa akija hapa Matungu kila Alhamisi tangu mvua za mwaka wa tisini na tatu. Chuo kikuu kilikuwa kikitafiti jinsi upweke unavyowasukuma wazee kaburini kabla ya wakati wao, na yeye, msichana wa Kakamega mjini, ndiye aliyetumwa kuwauliza. Wanalalaje? Wanakula na nani? Nani huwatembelea?

Kwa swali hilo la mwisho Were alikuwa na jibu lile lile siku zote.

"Wewe."

Mkewe alikuwa amezikwa nyuma ya migomba. Awinja, binti yao wa pekee, aliolewa Mombasa na barua zake zikakoma. Zilibaki Alhamisi. Alhamisi moja mzee alimsimulia Nanjala jinsi walivyokuwa wakikata miwa zamani, akaicheka mikono yake laini ya mjini, na Nanjala akacheka naye mpaka dereva akapiga honi. Alimpenda mzee huyu. Jambo hilo profesa wake hakuambiwa.

Profesa alikuwa na sharti moja gumu. Mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu huondolewa kwenye utafiti, kwa kuwa majibu yake hayaaminiki tena. Haambiwi lolote, asije akafadhaika. Gari tu halimwendei. Kipimo chenyewe kilikuwa maswali matatu mepesi: siku, mahali, mtu. Anayejibu hata moja hubaki. Nanjala aliwahi kulalamika, akajibiwa kwamba utafiti si huruma, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki mbili zilizopita Yasin, jirani wa ng'ambo ya shamba la miwa, aliyakosa yote matatu. Nanjala alitoka kwake akilia, na kwa kulia huko akasahau mwavuli, ikabidi arudi kesho yake kuuchukua. Hakukanyaga huko tena.

Alhamisi iliyofuata Were alimwuliza, "Naona kwa Yasin gari lilisimama Alhamisi, likasimama na Ijumaa. Mbona kwangu unakujanga mara moja tu?"

"Yasin ameanza kusahau, kuka," alisema Nanjala. Zaidi ya hapo sharti la profesa lilimkataza kusema. Mzee naye akamwongezea chai.

Na sasa ilikuwa zamu ya Were mwenyewe.

"Hapa tulipo ni wapi, kuka?"

"Mumias," alisema mzee bila kuwaza. "Karibu na msikiti."

Mbele yao kulikuwa na boma alilozaliwa ndani yake. Limebaki swali moja. Akilipata hili tu, Alhamisi zao zitaendelea.

"Nitazame vizuri. Usiharakishe. Mimi ni nani?"

Mzee akamtazama. Yale mawili aliyajibu upesi, lakini hili lilimshinda. Akafungua mdomo, akaufunga. Macho yakamjaa machozi.

Nanjala akafanya jambo ambalo profesa angemfukuzia kazi. Aliinama, akamnong'oneza, "Na... Nanja..."

Mzee akatikisa kichwa, kama anayemkataza mtoto asichezee moto.

"Wewe ni Awinja," alisema. "Mtoto wangu."

Ikawa imekwisha. Nanjala alihisi uchungu ambao hakuna mhadhara wowote uliowahi kumtayarishia. Alimshika mikono yote miwili, ile mikono iliyojaa makovu ya panga.

"Ndiyo, baba," alisema, kwa kuwa hakuona ubaya wa kumwachia hilo.

"Basi kaa. Ingokho iko karibu kuiva."

"Siku nyingine, baba."

Alijua ni aibu kubwa kumwacha kuku wa mwenyeji jikoni. Lakini angekaa kidogo zaidi angepiga mayowe mbele ya mzee wa watu. Akainuka, akafika garini, akasimama.

"Utarudi?" mzee alimwita.

"Nitarudi," alidanganya, akaingia.

Gari lilipopotea kwenye miwa, Ayuma alitoka jikoni na sahani mkononi. Juu ya ugali wa obusuma kulikuwa na paja la kuku na firigisi, kile kipande ambacho tangu zamani huliwa na mwenye boma peke yake.

"Mgeni ameenda bila kula?" alishangaa. "Na wewe shemeji ukaniambia nimwekee hata firigisi! Sasa nani ataikula?"

Mzee Were alikuwa akilivua koti lake taratibu, akilikunja lisipate mikunjo. Uso ulikuwa umemchangamka.

"Mfunikie Nanjala. Ataikula kesho Ijumaa," alisema. "Mzee akianza kusahau, wanakujanga kwake mara mbili."