Kiti cha Mtoni

Mjane alifika kwenye lango lililokatiza mto na kufuli jipya mkononi. Shamba sasa lilikuwa lake, na wale vijana wa kayaki, waliomtibulia mumewe samaki miaka yote, wasingepita hapa tena.

Akawasikia wakija, wakicheka na kuchapa maji kwa makasia. Lakini walipokikaribia kiti cha turubai ukingoni alichokuwa akikalia marehemu na mshipi wake wa samaki, wote wakanyamaza. Wakainua makasia juu, yakidondosha maji tone kwa tone, na kayaki zikateleza kimya kukipita kiti kitupu.

"Shikamoo, mama," msichana wa mwisho alinong'ona. "Babu yuko wapi? Leo hatujaitwa bata."

Mjane alifungua mdomo amwambie. Badala yake akaketi kwenye kile kiti. Turubai lilikuwa bado limebonyea kwa umbo la mumewe, naye akaenea mlemle. Kufuli akalitia mfukoni.

"Bata nyie!" Sauti ikamkatika, akaanza upya, kama alivyozoea kumsikia mzee, yeye akiwa jikoni. "Bata nyie, mnaniamshia samaki! Haya, lango liko wazi. Piteni."