Bati Jipya la Mama Tusekile

Ufadhili wa kusoma ng'ambo ulikuwa na sharti moja tu: hali ya nyumbani isibadilike mpaka kijana amalize. Familia ikinyanyuka kimaisha hata kidogo, anarudishwa. Kwa Mama Tusekile, huko Tukuyu, kidude cha wafadhili cha kupima hali kilibandikwa ukutani, na kila mvua iliponyesha kilihesabu matone yanayoanguka ndani na kuwapelekea hesabu.

Siku hiyo alirudi kutoka kuchuma chai akawakuta wanakwaya wa kanisani kwake wanashuka ngazi, wanacheka. Walikuwa wamemwezekea nyumba nzima bati jipya bila yeye kujua.

"Mungu awabariki," aliwaambia, na chai akawapikia. Walipoondoka tu alichukua nyundo na msumari wa inchi sita, akapanda juu kabla mawingu hayajafika. Alitoboa juu ya jiko, akatoboa juu ya meza. Kisha akasita.

"Na hapa kwangu," mumewe, mzee Ambakisye, aliita kutoka kitandani, kikohozi kikimkata maneno. "Hapa ndipo palipovuja zaidi. Usiogope, Mama Tusekile. Toboa."

Akatoboa.

Mvua ilipoanza, Tusekile alipiga simu kutoka ng'ambo anakosoma. Kwanza alisikiliza matone yakigonga sufuria.

"Inavuja, mama?"

"Inavuja, mwanangu."

"Mpaka kwa baba?"

"Mpaka kwa baba."

Msichana akashusha pumzi.

"Asante, mama," alisema. "Bado miaka minne tu."