Kilatini kwenye Bariere

Sentensi ya kwanza ya Kilatini ambayo Keren aliwahi kuitumia nje ya darasa ilimtoka kwenye bariere, kizuizi cha wanajeshi barabarani, akiwa ameketi juu ya magunia ya maharagwe.

Alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa Kilatini huko Butembo, kwa alama kumi na moja juu ya ishirini. Tangu lori liondoke kuelekea Beni, alikuwa amewaeleza wasafiri wote kwamba profesa wake hampi mtu kumi na mbili. Mama Anne-Marie, muuza vitenge, alimuuliza kama hicho Kilatini kinapata wateja Oicha. Lori zima lilicheka. Keren alijibu kwamba vitu vingine haviuzwi, akaona amejibu vizuri sana.

Kwenye bariere kicheko kilikatika. Mwaka ule wa vita, kila kundi lenye bunduki lilikuwa linaokota vijana njiani ili wabebe risasi, na wachache walirudi. Komanda wa hapo hakutulia. Gari lake lilikuwa limegeuzwa kuelekea Butembo, na injini ilikuwa inanguruma.

Alimnyoshea kidole Gamaliel, aliyesoma darasa moja na Keren.

"We kijana. Shuka."

Gamaliel alishuka. Nyuma ya choo cha wanajeshi kulikuwa na shamba la migomba, na hakuna aliyelilinda. Keren aliliona, Gamaliel hakuliona. Kumwambia kwa Kiswahili au kwa Kinande, wote wangesikia. Basi Kilatini.

Hapo ndipo Keren alipojua alichosoma. Kwa Kilatini aliweza kuzingira mji, kubomoa ukuta, kuchukua mateka na kuwapanga wapanda farasi upande wa kushoto. "Pita nyuma ya choo" hakuweza. Alifungua kinywa, ikatoka sentensi pekee aliyoimudu bila kosa, ya zoezi ambalo profesa alimrudishia hadi akalia.

"Hostes trans flumen castra posuerunt."

Gamaliel, ambaye yeye alipata kumi tu, alimwomba arudie.

Komanda alikuwa amesikia. Aliwauliza askari wake kama ni Kinyarwanda, kama ni Kiganda. Walikataa. Basi ilikuwa lugha ya siri, na mwenye lugha ya siri ni mpelelezi. Keren naye alishushwa, akapigishwa magoti kando ya mwenzake.

"Ulimwambia nini? Ukinidanganya, hamutafika Beni, nyinyi wawili."

Keren angeweza kusema ni sala. Mtu mwenye akili angesema ni sala. Lakini mwaka mzima alikuwa amekatwa alama kwa tafsiri mbaya, na hii moja aliijua.

"Nilisema, maadui bameweka kambi ng'ambo ya mto."

Komanda aligeuka, akatazama bonde la mto lililokuwa mbele.

"Tangu lini?"

"Ni ya mu kitabu, papa komanda. Ni exercice tu."

"Wapelelezi bote banasemaka vile."

Akapiga mluzi. Askari walirukia gari, mmoja wao akiwa amekumbatia sufuria ya ugali iliyokuwa bado inatoa moshi, na gari likatimka kwa vumbi kuelekea Butembo. Bariere ilibaki bila mwenyewe. Dereva wa lori alishuka, akainyanyua kwa mkono wake.

Safari iliendelea kwa shangwe. Gamaliel alikuwa analia na kucheka pamoja. Mama Anne-Marie aliomba afundishwe ile sentensi, kisha wengine wakaitaka, na Keren, profesa kamili juu ya magunia, aliwasahihisha mmoja mmoja. Mwishowe mama huyo aliuliza kama hao maadui ni wabaya sana.

"Balishakufaka, mama. Bote. Miaka elfu mbili sasa."

Lori liliteremka kona ya mwisho, wasafiri wakiipaza sentensi kwa sauti moja, Keren akipiga makofi kuwaongoza. Kwenye daraja, dereva alikanyaga breki. Ng'ambo ya mto, mahema yalikuwa yamejaa kilima kizima, na wanaume wenye bunduki walikuwa tayari wanavuka, wakimwashiria Gamaliel ashuke.