Nukta za Kanga

Zamani hizo kanga walikuwa weusi tii, na kila jioni kabla ya kulala vichakani walitaja majina ya wazee wao waliokufa. Aliyeyataja majina hayo alikuwa Bibi Msiri. Alitaja jina moja, akatua. Akataja jingine, akatua tena.

Mjukuu wake, Kidomo, alichoka kumsikiliza.

"Bibi, maneno yako yanachechemea. Niachie mimi yatiririke."

"Kutua ndiyo ada tuliyoikuta, mjukuu wangu."

"Ada, au pumu?"

Ukoo mzima ukaangua kicheko. Bibi Msiri alitaka kueleza sababu, lakini kicheko hakikumpa nafasi. Akakunja mabawa, akampisha.

Kidomo akayataja majina mfululizo, bila kituo hata kimoja. Yalipendeza kama wimbo, na vifaranga wakasinzia. Hakuna aliyesikia nyasi zikichakarika. Kicheche aliingia akaanza na mama yake Kidomo, kisha akaendelea.

Kulipopambazuka, Kidomo alisimama katikati ya manyoya. "Bibi, mbona hukuniambia?"

"Mlikuwa mnacheka. Wazee hawakutua ili wapumue, mjukuu wangu. Walitua ili sisi tusikie nyasi."

Jioni ile Kidomo alitaja jina la mama yake, akatua. Kimya kilipokwisha, Bibi Msiri alichovya mdomo kwenye majivu, akamtia nukta moja kifuani. Akataja jingine, akatiwa nyingine.

Mtazame kanga leo, uone majina yalivyokuwa mengi.